Lushoto, Mufindi au Kitulo: kuchagua njia ya baiskeli milimani ukitokea Dar

Mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam aliyekwisha kuzizoea njia za vumbi za Kisarawe, Pugu na Kigamboni huanza kuutamani mlima. Pugu ina vilima vyake, lakini hakuna kinachofika hata mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko mrefu kuliko yote huisha kabla hujaitafuta gia ya mwisho. Akiwauliza wenzake aende wapi, majibu yanayorudi ni matatu: Lushoto, Mufindi, Kitulo. Kila anayejibu anatetea alikokwenda, na kila mmoja ana picha za kuthibitisha.

Picha hazitamsaidia, maana sehemu zote tatu ni nzuri. Kinachozitenganisha ni mambo ambayo kamera haiyaoni: basi litakula siku ngapi, udongo unageuka nini mvua ikinyesha, mteremko una urefu gani, na mnyororo ukikatika nani yuko karibu. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameshaomba likizo, au yuko mbioni kuiomba, na bado hajajua akate tiketi ya wapi.

Baiskeli ninayoizungumzia ni ya changarawe: usukani uliojikunja, tairi pana kuliko za lami, breki za diski. Mwenye baiskeli ya mlima asijione amesahauliwa. Njia zote hizi zinampokea, na kwenye baadhi ya vipande atakuwa na raha kuliko sisi.

Nitakayoyapima

Nimeweka vigezo sita: kufika kutoka Dar, kupanda na kushuka, udongo na majira, baridi na hewa, chakula na msaada njiani, kisha malori na ruhusa. Havilingani uzito. Kwa maoni yangu kigezo cha udongo na majira ndicho kinachoharibu au kuokoa safari nyingi, kikifuatiwa na idadi ya siku. Uzuri wa mandhari sikuuweka kabisa, kwa sababu ungenilazimisha kusema jambo ambalo kila mtu atalipinga, na kila mtu atakuwa na haki.

Njia zenyewe

Lushoto ni mlango wa Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Unapanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini, unaendelea Magamba, kisha Lukozi, na kutoka hapo unafuata mgongo wa milima hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa, juu ya tambarare za Mkomazi. Lushoto hadi Mtae ni kilomita 60 na kitu. Kabichi, karoti na viazi vingi vinavyoshushwa masokoni Dar alfajiri vimepita kwenye barabara hii hii.

Mufindi iko Iringa, na kituo chake ni Mafinga. Kutoka mjini unaingia kwenye misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, kisha unaelekea upande wa mashariki na kusini, kwenye mashamba ya chai yaliyo karibu na ukingo wa bonde. Hakuna njia moja ya lazima. Zipo barabara nyingi za udongo zinazokatana, na unaweza kujitengenezea mizunguko ya siku moja moja ukirudi kulala palepale. Nyumba nyingi za Dar zimeezekwa kwa mbao zilizotoka huku.

Kitulo ni uwanda wa juu kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, mpakani mwa Njombe na Mbeya, kwenye mita 2,600 hivi. Njia inayopendwa inaanzia Chimala kwenye barabara kuu, inapanda ukuta wa mlima hadi Matamba, inaingia uwandani, kisha mtu anachagua: kushuka Makete, nchi ya Wakinga ambao Kariakoo nzima inawafahamu, au kuvuka kuelekea Isyonje na kuipata lami ya Mbeya na Tukuyu.

Wapo watakaouliza kuhusu Uluguru, hasa tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024 na safari ikawa fupi. Uwanda wa Lukwangule upo kweli, mita zaidi ya 2,400 juu, lakini umo ndani ya msitu wa hifadhi na hufikiwa kwa miguu. Barabara za Mgeta zinapandika kwa baiskeli na ni tamu, ila hizo ni kuta za mlima tu, bila uwanda juu yake. Anayetafuta kutoka jasho Jumamosi na kurudi Jumapili aende huko. Ulinganisho huu nimeuacha kwa sehemu tatu.

Kufika

Usiendeshe baiskeli kutoka Dar. Barabara kuu ya kusini ina bega jembamba na malori ya Tunduma usiku na mchana, na kilomita 50 hivi za barabara hiyo zimo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo tembo na nyati huvuka wanapotaka. Panda basi pale Mbezi, Kituo cha Magufuli, na baiskeli iingie kwenye buti.

Bei ya mzigo patana kabla ya kukata tiketi, maana ukishakuwa na tiketi mkononi huna tena nguvu ya kubishana. Toa gurudumu la mbele na pedali, geuza usukani, na upande wa gia za nyuma uuzungushie maboksi mazito. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia gia za nyuma hupinda kirahisi mno gunia la mtu mwingine likiegemea, na kikipinda safari imeisha kabla haijaanza. Beba cha akiba. Hakigharimu sana, na hakipatikani Lukozi wala Matamba.

Lushoto ndiyo karibu, kilomita 350 na kidogo. Mabasi yanakwenda moja kwa moja kupitia Chalinze, Segera na Korogwe, na ukiondoka alfajiri unafika jua likiwa bado lipo. Mwenye miguu anaweza kushuka Mombo na kuanza kupanda hapohapo, kilomita 33 za lami hadi mjini.

Mafinga ni zaidi ya kilomita 550. Faida yake ni kwamba iko kwenye barabara kuu, kwa hiyo karibu kila basi la Mbeya, Njombe au Songea linapita, na ukikosa moja unapata jingine.

Chimala ni kilomita kama 750. Hapo basi linakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na hilo ndilo la kwanza la kukubaliana nalo ukiichagua Kitulo. Basi la usiku linaokoa siku, lakini mtu aliyekesha kwenye kiti hafai kuanza mlima mkubwa kuliko yote aliyowahi kuupanda. Lala Chimala kwanza. Reli ya TAZARA nayo inafika Mbeya, na asiye na haraka ataifurahia. Ulizia tu mapema kama treni inatembea kabla ya kuifanyia mipango.

Kwa hesabu ya siku: Lushoto inataka zisizopungua tatu, Mufindi nne, Kitulo tano. Unaweza kubana, lakini kinachobanwa ni muda wa kuendesha, na basi litakula saa zake zilezile.

Kupanda na kushuka

Hapa watu wengi hujidanganya kwa kutazama namba moja, yaani urefu wa kilele. Kitulo iko juu kuliko Lushoto kwa zaidi ya mita elfu moja, kwa hiyo wanahitimisha kwamba ni ngumu zaidi. Ugumu wake ni wa aina nyingine.

Njia ya Kitulo ina ukuta mmoja. Kutoka Chimala hadi Matamba barabara inajikunja na kujikunja, na wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Unapanda karibu mita elfu moja bila pumziko la maana. Baada ya Matamba unaendelea kupanda, sasa kwa upole, hadi uwandani. Ukishafika juu, nchi inafunguka na miinuko inakuwa mirefu lakini myepesi. Adui wa huko ni upepo, kwa sababu hakuna mti wa kuukinga. Kwa hiyo siku ya kwanza ni mateso, na zinazofuata ni za mtu yeyote mwenye pumzi.

Lushoto inakupiga kidogo kidogo kila siku. Kutoka Mombo, iliyo kwenye mita 400 hivi, unapanda hadi mjini kwenye mita 1,400, na huo ndio mwanzo tu. Kuelekea Magamba unaongeza mamia mengine, kisha mgongo wa milima unakupandisha na kukushusha mfululizo, kijiji hadi kijiji. Mwinuko mmoja mmoja si mrefu, ila ni mkali, na mingine ina mawe yaliyolegea yanayozungusha tairi ya nyuma bila kukusogeza mbele. Jioni ukijumlisha, umepanda kama aliyekwenda Kitulo, pengine zaidi, na kesho unarudia. Kusukuma baiskeli hapa si aibu. Wasambaa wenyewe, waliozaliwa na milima hiyo, hushuka na kusukuma.

Mufindi ndiyo yenye huruma. Basi limeshakupandisha: Mafinga yenyewe iko kwenye mita 1,900 hivi. Kilichobaki ni mawimbi ya nchi, unashuka kwenye kijito, unapanda upande wa pili, unatembea juu ya mgongo, unashuka tena. Ni mahali ambapo mwendo wa kilomita 70 kwa siku unawezekana kwa mtu wa kawaida, na ambapo baiskeli ya changarawe inafanya kile ilichotengenezwa kufanya: kwenda mbali kwa kasi ya wastani kwenye udongo uliogandamana.

Kuhusu gia, sheria yangu ni moja kwa Lushoto na Kitulo: gia ndogo ya mbele isiwe na meno mengi kuliko gia kubwa ya nyuma, na ikiwezekana iwe na machache zaidi. Ukikosa hilo utaharibu magoti. Mufindi inasamehe.

Mteremko nao uuheshimu. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni takriban mita elfu moja za kwenda chini, na Chimala ni vivyo hivyo, juu ya changarawe. Anayebana breki mfululizo anazipasha moto mpaka zinapoteza nguvu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Simama mara kadhaa, gusa hewa iliyo karibu na diski uone joto lake, diski yenyewe usiiguse. Vipande vya breki vya akiba viwe mfukoni, maana vumbi lenye mchanga huvila haraka kuliko unavyotarajia kwa uzoefu wa Dar.

Udongo na majira

Hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Lushoto iko upande wa nchi wenye mvua mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Udongo wake ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukikauka ni barabara ngumu na nzuri. Ukilowa unakuwa utelezi kwenye miteremko, na mbaya zaidi unajijaza kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Utabeba baiskeli begani, na itakuwa nzito mara mbili. Lakini kati ya vuli na masika kuna mwanya, Januari na Februari, ambapo njia hukauka. Mwanya huo una thamani kubwa kwa sababu wakati huohuo nyanda za juu za kusini ziko katikati ya mvua yao. Mwenye likizo ya Januari, kwa mtazamo wangu, swali lake limeshajibiwa nusu.

Mufindi na Kitulo zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, wakati mwingine ukigusa Mei. Mufindi ikilowa bado inapitika kwa sehemu, kwa sababu barabara nyingi za mashamba hutunzwa ili magogo na chai vitoke. Tatizo lake liko pande mbili za kiangazi. Juni hadi Agosti mawingu hupanda kutoka bondeni na kukaa juu ya chai, ukungu na manyunyu siku nzima, na ule ukingo uliotoka Dar kuuona hauuoni. Septemba na Oktoba ukungu unapungua, lakini vumbi jekundu linakuwa unga, na uzito wa malori unaipangia barabara vijituta vidogo vidogo vinavyotikisa mikono hadi viganja vife ganzi. Punguza upepo wa tairi, na tembea pembezoni ambako hapajakanyagwa. Kwangu mimi Mei mwishoni na Juni mwanzoni ndiyo wiki za kuzitafuta: mvua imekwisha, vumbi halijaanza, majani bado ni mabichi.

Kitulo ndiyo yenye mtihani. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, eneo la kilomita za mraba 412 na ushei, lengo kuu likiwa kulinda mimea yake. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Moja ya sababu za haraka ya kuilinda ilikuwa biashara ya viazi vya okidi, ambavyo vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Anayekwenda Kitulo basi anakwenda kwa ajili ya maua, na maua yanachanua kwenye mvua. Kuanzia Novemba mwishoni hadi Aprili uwanda unabadilika rangi, na miezi hiyohiyo udongo wake mweusi unanata, ukungu unafunika kona za Hamsini na Saba, na radi juu ya uwanda usio na mti ni hatari ya kweli kwa mtu aliyekaa juu ya chuma.

Ukienda Julai barabara ni kavu, anga ni safi, unaona mbali, na nyasi ni za kahawia. Hakuna maua ya kuzungumzia. Nimeona watu wakirudi wamenuna kwa sababu hawakuambiwa hilo. Nimeona pia waliokwenda Februari wakaacha baiskeli Matamba na kumalizia kwa gari. Anayetaka vyote viwili alenge wiki za mwanzo wa mvua, Novemba mwishoni na Desemba mwanzoni, akiwa na siku moja ya ziada ya kungojea barabara ikauke. Hatapata maua yote. Atapata ya kwanza, na atayafikia akiwa juu ya tandiko.

Baridi na hewa

Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi sita hivi. Kwa mtu wa Dar hii si habari ndogo, maana wengi wetu hatuna hata koti. Pita mitumba ya Karume kabla ya safari, chukua koti la kuzuia upepo na glovu za vidole vizima. Lushoto usiku wa Julai utataka sweta na blanketi. Mufindi ni baridi ya unyevu, inayopenya. Kitulo, Juni hadi Agosti, kuna usiku nyasi zinaamka na barafu nyeupe, na hatari zaidi ni kushuka asubuhi ukiwa na jasho la kupanda: vidole vinakufa na breki hazibaniki.

Hewa nayo ni nyepesi. Kwenye mita 2,600 mgandamizo wake ni kama robo tatu ya ule wa Kigamboni. Kwa wengi haileti ugonjwa, ila kichwa kinaweza kuuma na mwinuko mdogo ukakuachisha pumzi. Usiku mmoja Matamba kabla ya kuingia uwandani unasaidia sana.

Chakula, malazi na msaada

Usambara kumejaa watu. Huwezi kuendesha nusu saa bila kupita kijiji, duka, chai na mandazi, au kijana wa bodaboda anayeweza kukuchukua pamoja na baiskeli. Malazi yapo Lushoto ya kila bei. Njiani nyumba ya masista pale Rangwi imewapokea wasafiri wengi wa miguu, na Mtae kuna vyumba vya kawaida. Ukiharibikiwa hapa hutalala porini.

Mafinga ni mji wenye kila kitu, ila ukishaingia kwenye misonobari unaweza kwenda saa nzima usione mtu, na kila njia panda inafanana na iliyopita. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka mjini, kwa sababu mtandao unakatikakatika. Maji beba ya kutosha. Vijijini salamu ni Kamwene, na itakufungulia milango hadi Makete.

Kitulo ndiyo yenye upweke. Nunua chakula Matamba, kwa sababu mbele yake ni nyasi, upepo na vibanda vichache mbalimbali. Viazi na maziwa ni vya uhakika kwenye vijiji vya pembezoni. Huko usiende peke yako. Nasema hivi nikijua wapo waliokwenda wakarudi salama, lakini kuvunjika mkono uwandani wakati ukungu unashuka ni jambo la kuhitaji mtu wa pili.

Kuhusu fundi: wapo kila mahali, na ni hodari kwa baiskeli wanazozijua. Spoki, mnyororo, kiraka, watakufanyia vizuri. Breki za mafuta na tairi zisizo na tyubu hawajazizoea. Jambo moja wengi hawalifahamu: rimu za baiskeli nyingi za changarawe zina tundu jembamba la valvu, na tyubu za dukani kijijini zina valvu nene. Haipiti, hata kipimo cha tyubu kikikaribiana. Beba tyubu zako mbili, viraka na pampu, hata kama tairi zako hazitumii tyubu.

Malori na ruhusa

Lushoto mtakutana na Canter na Fuso za mboga kwenye kona nyembamba, nazo hukimbizana na muda wa soko. Kaa upande wako, piga kengele kabla ya kona. Sao Hill ni malori ya magogo: ukiona moja linakuja, toka barabarani kabisa usimame, kwa kuwa huna uhakika mzigo umefungwaje, na vumbi lake linakuficha kwa lori linalofuata. Kitulo magari ni machache, na utakaowapisha zaidi ni ng'ombe.

Ruhusa: barabara za vijiji vya Usambara ni za umma, ila ukitaka njia za ndani ya msitu wa hifadhi wa Magamba pita kwanza ofisi ya misitu. Sao Hill na mashamba ya chai yana wenyewe. Ulizia getini na utaje unakokwenda, hasa kiangazi wanapokuwa macho kwa moto. Usiwashe moto wowote kwenye misonobari. Kitulo ni hifadhi ya TANAPA, kwa hiyo ulizia kiingilio na utaratibu wa baiskeli kabla ya kupanda, na uwe na kadi au simu ya kulipia. Uwandani kaa barabarani. Mistari ya tairi kwenye nyasi zile hukaa muda mrefu, na okidi iliyokanyagwa haitoi mbegu mwaka huo.

Kwa hali yako

Kama una siku tatu au nne tu, au ni mara yako ya kwanza kupanda mlima kwa baiskeli lakini una mazoezi, Lushoto inakufaa. Vijiji vitakulinda dhidi ya makosa ya mgeni. Kama magoti yako yana historia, panda basi hadi Lushoto mjini na uanzie hapo.

Kama mnakwenda kundi lenye uwezo tofauti, wengine wapya, wengine wenye kasi, Mufindi inawashika wote. Wepesi wanaongeza mzunguko, wengine wanarudi mapema, jioni mnakutana meza moja. Inamfaa pia mwenye baiskeli yenye gia chache na tairi za wastani.

Kama unafanya mazoezi ya mbio au safari ndefu na unataka miguu iteseke kila siku, ni Lushoto hadi Mtae na kurudi kwa njia nyingine ya vijijini.

Kama umewahi kulala baridi, una mwenzako unayemwamini, na unaweza kuacha kazi siku tano au zaidi, Kitulo itakulipa. Mwenye baiskeli ya mlima yenye tairi pana atashukuru kwenye kona za Chimala.

Kama likizo yako ni Januari au Februari, nenda Lushoto. Ikiwa Mei mwishoni au Juni mwanzoni, Mufindi. Julai hadi Septemba zote tatu ziko wazi, chagua kwa siku ulizonazo, huku ukijua kwamba Mufindi ina ukungu na Kitulo haina maua. Machi na Aprili usiende popote kati ya hizi kwa baiskeli. Tumia miezi hiyo kupanda vilima vya Pugu mara nyingi kwa siku moja ukiwa na mzigo uleule utakaoubeba milimani, mpaka ujue ni gia gani unayoikosa.